Leseni ya jimbo unayo, mji haukutaki: niliyoyaona kwenye biashara ya bangi ya tiba Massachusetts

MlinziWaMlangoni (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Haipiti mwezi bila mtu kuniandikia pembeni: "Kaka, nasikia huko kwenu bangi ruksa, nina vijisenti, tufungue duka." Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo naweka yote hapa, atakayeuliza tena namtupia kiungo cha uzi huu.

Naishi Worcester, Massachusetts. Kampuni ya bangi ya tiba niliyoifanyia kazi ilinichukua kama mlinzi, nikawa nakagua kadi za wagonjwa mlangoni. Baadaye nikahamishiwa ofisini kwenye makaratasi ya kanuni, na huko ndiko nilikojifunza haya. Si mwanasheria, na sijawahi kuvuta, nasema mapema kabla hamjaanza.

Watu wanadhani mlima ni leseni ya jimbo. Leseni ya jimbo ni ngumu, sikatai, ila masharti yake yameandikwa. Unayasoma, unahesabu fedha zako, unajua kama unaweza au huwezi. Mlima wenyewe ni mji. Jimbo hili lina miji 351, mikubwa kwa midogo, na kila mmoja una sheria ndogo zake, ramani yake na majirani wake. Unaweza kukamilisha kila kitu cha jimbo, mji ukakuacha umesimama barabarani na funguo za jengo mkononi.

Novemba 2012 wananchi walipiga kura, asilimia 63 wakakubali bangi ya tiba. Sheria ikaanza Januari 1, 2013. Mwaka wa kwanza ziliruhusiwa zahanati (ndivyo ninavyoyaita maduka ya bangi ya tiba) zisizozidi 35 jimbo zima, kila kaunti angalau moja na si zaidi ya tano. Na masharti yake: uwe shirika lisilo la faida, ulime mwenyewe, usindike mwenyewe, uuze mwenyewe. Uonyeshe dola 500,000 zimelala mahali. Maombi hatua ya kwanza dola 1,500, hatua ya pili 30,000, ukishapata unalipa 50,000 kila mwaka. Mlango wa kwanza ulifunguliwa Salem, Juni 2015.

Wakati huo huo miji ilikuwa inajihami. Wakefield wakapitisha sheria ndogo ya kupiga marufuku kabisa. Machi 2013 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Martha Coakley, akaikataa: kama wananchi wa jimbo zima wameikubali dawa hii, mji mmoja hauwezi kujitoa. Ila Burlington, waliosimamisha kwa muda tu ili wajipange, aliwaachia, na akasema mji una haki ya kuamua zahanati ikae wapi. Ukisoma haraka unaona wafanyabiashara wameshinda. Soma tena. Mji hauwezi kukufukuza, lakini unaweza kukupeleka nyuma ya gereji za malori. Ndiko zilikoishia kadhaa za mwanzo, ukanda wa viwanda, basi halifiki, na mteja wako ni mtu anayetembelea fimbo.

Halafu zipo futi 500, kama mita 150 hivi. Kanuni za awali za wizara ya afya ya jimbo zilisema zahanati isiwe ndani ya futi 500 kutoka shule, kituo cha kulelea watoto, au mahali popote ambapo watoto hukusanyika kwa ratiba. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kilichotunyoa. Kampuni ilipata jengo zuri katika mji ambao sitautaja. Tukalipa pango la miezi minne tukisubiri vikao, tumeshachora mpaka kamera zitakapokaa. Kwenye kikao cha bodi ya mipango mama mmoja akanyoosha mkono, mpole kabisa, akauliza kama tunajua kwamba ghorofani, jengo la kona, kuna darasa la dansi la watoto kila Jumanne na Alhamisi.

Hatukujua. Usiku ule ule tukaenda na utepe wa kupimia, watu wazima watatu na suti zetu, tumeinama pembezoni mwa barabara. Futi 430. Kwisha habari.

Siku hizi kanuni ya jimbo inazungumzia shule tu, za watoto wadogo hadi wanaomaliza sekondari, inapimwa mlango kwa mlango, na mji ukitaka unaweza kuipunguza. Lakini mji unaweza pia kuongeza ya kwake. Boston, kwa mfano, wana nusu maili kati ya duka na duka. Ukichelewa wiki moja mwenzako akawahi mtaa, umekwisha.

Naendelea chini, hii imeshakuwa ndefu.

MlinziWaMlangoni

Sehemu ya pili. Hapa ndipo penye utamu, au uchungu.

Ndani ya maombi kulikuwa na karatasi moja: barua ya mji ya kukuunga mkono, au basi, ya kutokuwa na pingamizi. Mistari michache na sahihi. Bila hiyo, nusu milioni yako na mkulima wako bingwa havina kazi. Sasa fikiria mtu mmoja kupewa kalamu yenye thamani hiyo.

Kusini mwa jimbo kuna Fall River, mji wa viwanda vya nguo vilivyokufa zamani. Walikuwa na meya kijana, Jasiel Correia, aliyechaguliwa akiwa na miaka 23. Oktoba 2018 alikamatwa akidaiwa kuwatapeli waliowekeza kwenye programu yake ya simu. Machi 2019 wananchi wakapiga kura kumng'oa, na kwenye karatasi hiyo hiyo ya kura wakamchagua tena. Sitanii. Septemba 2019 akakamatwa mara ya pili: waendesha mashtaka walisema amewabana wafanyabiashara wa bangi wasiopungua wanne, barua kwa fedha, dau likifika hadi dola 250,000. Mei 2021 akakutwa na hatia, Septemba akapewa miaka sita.

Si kwamba mameya wote ni wezi. Wa Northampton wa wakati huo, David Narkewicz, alikuwa mteja wa kwanza dukani Novemba 20, 2018, siku ya kwanza ya mauzo ya bangi ya starehe, ile isiyohitaji kadi ya mgonjwa. Akanunua chokoleti ya bangi, kamera zote zinamwangalia. Meya mmoja ananunua kwa hela yake mchana kweupe, mwingine anauza sahihi, ndani ya jimbo moja na sheria moja.

Bangi ya starehe ilipita kwa kura ya 2016. Sheria ya 2017 ikaleta kitu kinaitwa mkataba wa mji mwenyeji, na wenye zahanati za tiba nao wanausaini. Mji unaruhusiwa kutoza ada ya athari hadi asilimia 3 ya mauzo ghafi, kwa muda usiozidi miaka mitano, na ada iendane na gharama ambazo mji umeingia kwa sababu yako. Miji mingi ikaisoma ile asilimia 3 na kuishia hapo. Gharama zipi? Hakuna aliyeonyesha. Juu yake ikawekwa "michango ya hiari" kwa huyu na yule, na wewe nani wa kukataa hiari wakati hujapata sahihi?

Mwaka 2021 duka moja la Haverhill likaupeleka mji mahakamani: tuonyesheni gharama. Northampton wakaacha kutoza ada hiyo wenyewe, Januari 2022. Agosti 2022 Gavana Charlie Baker akasaini sheria mpya: mikataba yote ipitiwe na Tume ya Kudhibiti Bangi ya jimbo, mji uorodheshe gharama kwa vielelezo, na baada ya miaka minane ya biashara ada hiyo iishe kabisa.

Maoni yangu: mji kuchagua mahali, sawa. Mji kuuza ruhusa, hapana. Shida ni kwamba ukiwa kwenye kikao hivyo viwili vinafanana sana.

Kitunguu_Swaumu

Kwa hiyo na wazungu wanakunywa chai? Mimi nilidhani kitu kidogo ni chetu peke yetu. Umenifurahisha roho mkuu, hasa hapo wananchi walipomng'oa na kumrudisha siku moja. Hiyo hata Uswahilini kwetu hatujaifikia.

Nyakio_Lowell

Mleta uzi umeandika vizuri lakini umeongea kama mwenye duka. Wacha mimi niongee kama jirani.

Mimi ni Mkenya, niko hapa Lowell karibu miaka ishirini, nesi, watoto watatu. Hapa Wakenya tumejaa, makanisa yetu yako kwa majengo ya kukodi, sanasana yale ya viwanda ya zamani, kwa sababu ndiyo tunaweza kumudu. Sasa ukisema "waende ukanda wa viwanda", huko viwandani ndiko sisi tunaabudu, na sheria ya jimbo unayosema inahesabu shule, haihesabu kanisa langu. Watoto wetu wanacheza kwa ile parking Jumapili saa nane mpaka jioni.

Sipingi dawa. Nimeona wagonjwa wa saratani wakirudisha chakula yote, na nimeona wengine ikiwasaidia kula. Lakini nikienda kwa kikao cha mji na kuuliza maswali, mimi si adui wa mtu. Yule mama wa darasa la dansi alifanya kazi yake. Nyinyi ndio hamkufanya yenu: miezi minne mnalipa kodi na hakuna hata mmoja alipanda ngazi kuona nani yuko juu?

MlinziWaMlangoni

Dada Nyakio, hiyo ya kupanda ngazi imenipata. Kweli hatukupanda.

Na ya kanisa umesema kweli. Mji unaweza kuongeza makanisa, maktaba, viwanja vya michezo kwenye orodha yake, na ipo iliyofanya hivyo. Ila ukiweka kila kitu kwenye orodha, ukachora duara la futi 500 kuzunguka kila kimoja, ramani yote inajaa duara. Nimeiona ramani ya namna hiyo kwa macho yangu. Kilichobaki cheupe kilikuwa bwawa na kipande cha barabara kuu. Mji haujapiga marufuku, ee? Mwanasheria Mkuu hana la kusema.

Kuhusu sauti ya jirani, sheria inawataka waombaji waite mkutano wa jamii, watangaze gazetini, na wenye majengo walio ndani ya futi 300 wapelekewe barua. Mwenye jengo, si mpangaji. Kanisa lenu likiwa limepanga, barua inakwenda kwa mwenye jengo, na yeye kama anataka kumpangishia huyo muuza bangi upande wa pili hawezi kuwaambia. Kwa hiyo waumini muwe mnafuatilia matangazo ya mji wenyewe.

Nyakio_Lowell

Hiyo ya mpangaji sikuijua. Nimeituma kwa group ya wamama sasa hivi.

Bamkwe_wa_Chalinze

Naomba niongee upande wa mgonjwa maana wote mnaongea majengo.

Mama mkwe wangu yuko na sisi hapa, ana maumivu ya neva baada ya tibakemikali. Daktari akamwandikia, akapata kadi. Kadi ina faida mbili ambazo watu wa starehe hawana. Ya kwanza, kodi: anayenunua starehe analipa asilimia 6.25 ya mauzo, 10.75 ya ushuru maalumu, na mpaka 3 ya mji, jumla 20. Mgonjwa halipi hata moja. Ya pili, kiasi: wakia 10 kwa siku 60, mwenye starehe hafiki huko kwa mkupuo.

Sasa angalia mji unavyopata hela. Ile 3 ya kodi ya mji inatoka kwa mnunuzi wa starehe. Kwa mgonjwa mji hauna kodi. Wewe ukiwa diwani, utampa kipaumbele nani? Zahanati iliyokuwa dakika kumi kutoka kwetu iliacha upande wa tiba, ikabaki na starehe tu. Hakuna aliyewalazimisha, hesabu tu ilikataa. Sasa naendesha dakika hamsini kwenda na kurudi, mama mkwe kakaa kiti cha nyuma analalamika kwamba Chalinze angechemsha majani tu yakaisha.

Kitunguu_Swaumu

Mama mkwe apewe maua yake.

MlinziWaMlangoni

Bamkwe umegusa penyewe, na ningeanzia hapo kama ningekuwa na akili. Kwa sheria ya awali tulikuwa tunatakiwa kulima, kusindika na kuuza wenyewe chini ya paa la kampuni moja. Wa starehe analeta tu bidhaa kutoka kwa mkulima mwingine. Kwa hiyo mgonjwa alibebeshwa biashara ghali zaidi, na mji ukawa hauna sababu ya kumpenda.

Niliishuhudia siku ile ya Novemba 2018. Duka la Leicester, jirani kabisa na hapa Worcester, lilikuwa moja ya mawili yaliyofungua mauzo ya starehe siku hiyo, mengine yote jimboni bado. Njia namba 9 ikafunga. Watu wanaegesha kwenye majani ya majirani, wanakojoa vichakani, mapolisi wanaongoza magari kwenye baridi. Wakazi wakawaka, na walikuwa na haki. Hiyo sasa ndiyo gharama ya kweli, inayohesabika, unamlipa polisi saa zake za ziada. Tatizo ni mji mwingine, miaka mitatu baadaye, maduka yamejaa kila kona, foleni hakuna, bado unadai ada ile ile ya athari ya asilimia 3 "kwa ajili ya foleni".

Dogo_Mwenge

Mkuu, nimesoma yote. Mimi nina grini kadi mwaka wa tatu sasa, nipo jimbo hilo hilo. Nimepata kazi ya dukani, dola nzuri kuliko bohari, kiyoyozi, hakuna kubeba boksi. Duka lina leseni zote za mji na jimbo. Nianze Jumatatu?

MlinziWaMlangoni

USIANZE.

Dogo, soma hili mara mbili. Leseni ya mji na ya jimbo hazikulindi kwa serikali ya shirikisho, na uraia unatolewa na serikali ya shirikisho. Idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo Aprili 19, 2019: kujihusisha na bangi, hata pale jimbo linaporuhusu, hata kama ni ajira tu, kunaweza kukunyima sifa ya "mwenendo mwema" unapoomba uraia. Utaulizwa umefanya kazi wapi. Ukisema kweli umejichoma, ukidanganya umejichoma zaidi.

Mimi niliingia kazi ile nikiwa tayari raia. Usiangalie mgongo wangu ukadhani na wako umevaa koti lile lile.

Mzee_wa_Makaratasi

Naunga mkono, na si wa dukani tu. Ukiwa na grini kadi na kadi ya mgonjwa, usikubali kujibu maswali ya bangi kwa afisa wa uhamiaji kabla hujaongea na wakili. Nyumba nazo: ukiishi kwenye nyumba za ruzuku ya shirikisho, bangi yako ya halali ya jimbo inaweza kukutoa ndani. Watu wanasahau kwamba hapa kuna serikali tatu, mji, jimbo na shirikisho, na kila moja ina ufunguo wake wa mlango mmoja.

Dogo_Mwenge

Dah. Nimewapigia nimewaambia siji. Boksi liendelee.

Ngalawa2

Wakuu, mtaji je? Tuseme mimi raia, jengo ninalo, futi 500 zimetimia, mji umesaini. Benki itanikopesha?

MlinziWaMlangoni

Benki kubwa, sahau. Zipo ndogo za jimbo na vyama vya kuweka na kukopa vinavyokubali, kwa ada ya kukufanya ulie. Kodi ya mapato ya shirikisho nayo ina kifungu cha 280E, kinachokuzuia kutoa mishahara ya dukani na pango kwenye hesabu kama biashara nyingine. Unatoa gharama ya bidhaa yenyewe tu. Kuna makampuni yameuza sana na bado yamekufa kwa hilo.

Kichekesho cha jambo hili kipo Brookline. Zahanati ya pale ilifunguliwa ndani ya jengo zuri la zamani la benki, mawe matupu, nguzo ndefu. Nilipita pale nikacheka peke yangu. Jengo la benki limekubali bangi kabla ya benki yenyewe.

Ngalawa2

Na nikitaka kuanzia nyumbani Bongo?

Mzee_wa_Makaratasi

Bongo utaanzia jela. Sheria ya 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya haina mchezo, wala haina kifungu cha zahanati. Ukitaka karibu na nyumbani angalia Rwanda, waliruhusu kilimo cha bangi ya tiba tangu 2020, lakini ni cha kusafirisha nje, si cha kuvuta mtaani Nyamirambo, Kigali. Na hapo hakuna diwani wa kumbembeleza, unakutana na serikali kuu moja kwa moja.

Nyakio_Lowell

Mleta uzi, swali la mwisho kabla nilale, niko na zamu saa kumi na moja asubuhi. Lile jengo lenye mlipoteza pesa, liliishia wapi?

MlinziWaMlangoni

Dada Nyakio, nilikuwa naomba usiulize.

Darasa la dansi lilihama miezi mitano baadaye, walipata ukumbi mkubwa zaidi mtaa wa tatu. Tulipopiga simu kwa mwenye jengo alikuwa ameshalipangisha. Wanauza matairi. Mwaka juzi nilipata pancha karibu na pale, ikabidi niingie. Pale tulipochora kaunta ya wagonjwa wameweka mashine ya kahawa.

Kitunguu_Swaumu

Na matairi umenunua?

MlinziWaMlangoni

Mawili.